Mama anataka binti yetu aitwe Tabu, waifu amegoma. Naombeni tuongee maana za majina ya watoto

BabaKijacho:

Wakuu salamu. Miaka yote nasoma tu humu bila kuandika ila leo nna jambo naombeni mnisikilize mana amani imepungua ndani ya nyumba. Waifu yuko mwezi wa tisa, ultrasaundi ilishasema ni binti. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, mwenzangu Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwetu binti wa kwanza jina linatoka ubabani na mama yangu ameshatamka, ataitwa Tabu, jina la mama yake mzazi, yani bibi yangu mimi aliyenilea mpaka darasa la nne. Waifu kusikia hivo akaacha kula. Anasema jina linaumba, huwezi kumuita mtoto Tabu afu ukategemea aone raha. Yeye ameshusha programu kwenye simu yenye majina ya dunia nzima, amependa "Zuri", imeandikwa pale asili yake ni Kiswahili.

Mama nae akipiga simu swali la kwanza ni "Tabu wangu hajambo?" na mtoto bado yuko tumboni.

Bibi namkumbuka vizuri, alikuwa mtu wa kucheka sana, ila sikuwahi kumuuliza kwanini anaitwa vile, nilikuwa mtoto na kwangu lilikuwa ni jina tu. Naombeni mniambie kwenu majina yanatolewaje na yana maana gani. Nataka kuelewa kabla sijamjibu yeyote kati ya hawa wawili.

Mama_wa_Kilwa:

Mwanangu pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni mtu mzima wa pwani huku na nina shoga yangu anaitwa Sikujua, mwingine Mashaka, na jirani yangu mpaka kesho ni Bi Shida, ana wajukuu kumi na mmoja na nyumba ya bati. Sisi zamani kalamu hatukuwa nayo, tukaandika kwenye watoto. Ukisikia Masika ujue alizaliwa mvua zinanyesha, Chausiku alikuja usiku, Vita alizaliwa watu wanakimbia. Mosi wa kwanza, Pili wa pili, Tatu wa tatu. Juma kazaliwa Ijumaa, Hamisi kazaliwa Alhamisi, Idi na Mwanaidi sikukuu, Ramadhani, Shabani na Rajabu miezi yao. Kwahiyo ukimwita mtu jina lake unajua na siku yake, cheti cha nini.

Sasa Tabu sio laana mwanangu, Tabu ni habari. Kuna kitu kilitokea siku hiyo. Mpigie shangazi yako mkubwa umuulize kilikuwa nini, usiulize huku mtandaoni peke yake.

Jaluo_wa_Siaya:

Hii uzi imenibamba. Mimi ni Mjaluo wa Siaya na kwetu jina ni saa. Ukizaliwa usiku wewe ni Otieno, msichana ni Atieno. Asubuhi Okinyi na Akinyi, asubuhi jua likishapanda kidogo Onyango na Anyango, jua likiwa kali Ochieng' na Achieng', jioni Odhiambo na Adhiambo. Mvua ikinyesha Okoth na Akoth. Babu yake Barack Obama alikuwa Onyango, kwa hivyo hata huyo mzee saa yake ya kuzaliwa tunaijua. Ukitoka na kitovu kimekuzunguka shingo ni Owino au Awino. Njaa ikiwa imeingia, Okech na Akech, na hao hawafi njaa, niko na binamu Okech ako na hoteli mbili Kisumu.

Lakini yenye nataka kukuambia mkubwa ni hii. Kuna jina Owiti, wa kike Awiti. Maana yake ni aliyetupwa. Ukiisikia hivyo utafikiria ni matusi. Ilikuwa hivi, mama akizaa watoto wanakufa, wanakufa, huyo mwenye anafuata anatolewa nje anawekwa chini kama kitu imetupwa, halafu mama mwingine anajifanya amempata, anamwokota anamrudisha. Ni kuficha mtoto. Kifo ikikuja ikute huyu ni wa kutupwa, hana mwenyewe, ipite. Kwa hivyo kila Awiti unayemuona ni mtoto alitakwa sana kuliko wengine wote. Uliza vizuri hiyo Tabu yenu.

Neno_la_Uzima:

Mkuu mleta uzi mimi nakushauri kwa upendo kabisa msikilize mkeo. Jina ni unabii. Soma 1 Mambo ya Nyakati sura ya 4, Yabesi mama yake alimpa jina lile kwasababu alimzaa kwa huzuni, na ikabidi Yabesi alie kwa Mungu aondolewe hiyo huzuni. Raheli akiwa anakufa kwa uchungu wa kuzaa akamwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu, Yakobo akakataa palepale akambadilisha akawa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Baba una mamlaka ya kubadilisha. Tumia mamlaka yako.

Mwl_Mstaafu:

Neno_la_Uzima nakuheshimu ila soma mstari wote ndugu yangu. Hapohapo kwa Yabesi imeandikwa alikuwa na heshima kuliko ndugu zake, na alipoomba Mungu akamjalia alichoomba. Jina lake halikubadilishwa, aliheshimiwa nalo hivohivo. Na tukiwa humohumo kwenye Biblia tukumbuke Isaka maana yake anacheka, kwasababu Sara alicheka aliposikia atazaa uzeeni. Yani kicheko cha mama kimekuwa jina la mtoto na mpaka leo kuna akina Isaka kwenye kila kanisa. Hii ni desturi ileile ya Masika na Chausiku anayoisema Mama wa Kilwa, ya kuandika kilichotokea.

Mfano mwingine tunaoufahamu wote ni Baba wa Taifa. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 mvua kubwa inanyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja baadae sana kwenye ubatizo mwaka 1943. Na hilo Nyerere ni jina la baba yake, mana yake viwavi, kwasababu alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia nchi. Nimefundisha miaka 31 na kila mwaka nilikuwa nawauliza wanafunzi maana za majina yao, wengi walikuwa hawajui, nawatuma nyumbani wakaulize, na kesho yake darasa linakuwa na hadithi mpaka kengele inagonga. Kuna binti mmoja alirudi analia, alikuwa hajui kwamba amebeba jina la dada yake aliyetangulia kufa.

BabaKijacho:

Mwalimu hapo kwa Isaka umenigusa, ntawaambia kwanini baadae. Jaluo ahsante sana ndugu yangu, maelezo yako ya Awiti nimemsomea waifu. Hajasema kitu ila alisikiliza mpaka mwisho. Endeleeni wakuu.

Ng'wana_Shinyanga:

Wasukuma tuingie. Mapacha kwetu ni Kulwa anaetangulia na Doto anaefuata, na haya majina yameshaenea nchi nzima hata asie Msukuma anayatumia. Ila wengi hawajui kwamba anaezaliwa baada ya mapacha ana jina lake pia, Shija. Na alietanguliza miguu ni Kashinje. Mabula ni wa mvua. Maige ni wa mwaka wa nzige. Nyanzala ni binti wa mwaka wa njaa. Babu yangu alikuwa hajui mwaka aliozaliwa ila alikuwa anajua amezaliwa nyuma ya akina Maige wa kijiji kile, basi umri wake ulijulikana kwa hesabu hiyo.

Na hii ya mapacha nimekuja kugundua iko karibu Afrika yote. Baganda wana Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, anaewafuata ni Kizza, na wazazi nao wanabadilishwa majina baba anakuwa Ssalongo mama Nnalongo. Warundi Bukuru na Butoyi. Wakongo kule kwa Waluba ni Mbuyi na Kabanga. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde na wao wana lao, wanasema Kehinde ndio mkubwa japo katoka wa pili, kwamba alimtuma Taiwo atangulie kuonja dunia kama iko vizuri. Mimi ni baba wa mapacha hii nimeipenda sana, Doto wangu nae nikimwambia anafurahi.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli:

Mimi nimekulia Kasulu na mama yangu ni Mrundi. Burundi na Rwanda hakuna jina la ukoo kama mlivozoea, kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, unaweza kuta nyumba moja baba, mama na watoto sita hakuna wanaofanana jina la pili, na kwenye ofisi za huku hii inatuletea shida sana wanadhani tumeokotana. Jina linakuwa ni sentensi nzima. Habimana, Mungu yupo. Hakizimana, Mungu ndie anaeponya. Nkurunziza, habari njema. Hata rais wa Burundi wa sasa, Ndayishimiye, ni mtu anasema namshukuru Mungu. Mwingine ni Nyandwi, huyo wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi.

Afu kuna majina yanayoongea na majirani. Nzikobanyanka maana yake najua kwamba wananichukia. Mtoto anaitwa hivo na anatumwa dukani kila siku kwa jina hilo, na jirani anasikia. Mama alikuwa ananiambia ndo namna mtu alikuwa anasema lake bila ugomvi. Rwanda siku ya nane wanawaita watoto wa jirani wanakula pamoja, kila mtoto anataja jina analopendekeza, mwisho baba ndio anatoa lake. Hiyo ndio Kwita izina, yani kutoa jina. Siku hizi mmeona wanawafanyia hata watoto wa sokwe wa milimani, tangu 2005, watu wanatoka nchi za mbali kuja kutoa jina.

mwana_bukavu:

Salamu kwenu bandugu. Miye ni wa Bukavu. Kwetu jina ilikuwa mambo ya serikali kabisa. Mu mwaka 1972 rais wetu Mobutu alikataza majina ya kizungu, yeye mwenyewe akatupa Joseph-Désiré akakuwa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Baba yangu alibatizwa Augustin, kwa masomo akalazimishwa kuacha ile, kwa karatasi zote akakuwa na majina ya bababu tu. Lakini nyumbani mama yake aliendelea kumuita Augustin, kwa sauti ya chini. Njo maana leo Mukongomani yuko na majina matatu, ya baba, ya nyuma na ile ya ubatizo. Siye wa Kivu tunapenda sana majina ya Kiswahili, Furaha, Bahati, Riziki, Asifiwe, Ombeni, Aksanti, Byamungu. Dada yangu ni Aksanti, mama alizaa yeye kisha miaka kenda ya kungoja.

Ndugu mwenye uzi, usiache mutu mwengine akuchagulie jina kwa nguvu, lakini usitupe ya bababu pia. Baba yangu alilia ile ya Augustin mpaka alikufa.

Dada_Columbus:

Niko Ohio mwaka wa kumi na tano huu, naomba niongelee hiyo "Zuri" kwasababu hapa nakutana nayo kila siku. Wamarekani weusi wanapenda majina ya Kiswahili na kuna sababu ya kweli kabisa. Mwaka 1966 ilianzishwa sikukuu ya Kwanzaa yenye misingi saba yenye majina ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Ndio maana unakuta akina Nia na Imani wengi hapa, na mimi nikiwasikia nafurahi, kwasababu hawa ni watu ambao majina ya babu zao yalifutwa kwenye meli na mashambani, wakatafuta lugha ya Afrika wapate pa kusimamia. Zuri nae ametokea njia hiyohiyo. Kwao ni jina kamili na lina heshima yake.

Ila kwetu sisi zuri ni nusu ya neno, linasubiri kitu. Nyumba nzuri, jambo zuri, mtoto mzuri. Siwezi kumwambia mkeo asimpe mtoto jina hilo, yeye ndio mama yake, lakini asilichague kwasababu programu imemwambia ni jina letu. Zile programu nyingi zimeandikwa na mtu ambae hajawahi kukaa na bibi wa Kiswahili hata siku moja.

Ummu_Zubeda:

Assalam alaykum. Kwa upande wetu Waislamu siku ya saba ni akika, mtoto ananyolewa na anapewa jina, mvulana mbuzi wawili na binti mbuzi mmoja. Majina mengi ya pwani ni ya Kiarabu yaliyolainika, Aisha akawa Asha, na maana yake mwenye kuishi. Fatma linatokana na kuachishwa ziwa. Khadija asili yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, na hili linanifurahisha sana, yule mwanamke mkubwa wa dini yetu ana jina la njiti. Binti yangu Zubeda, watu wanadhani ni jina zito la kifalme, kumbe ni kijisiagi, ule utamu wa juu ya maziwa. Nilimpa kwasababu ni la mama mkwe wangu, wala maana sikuijua mpaka alipofika miaka 6.

Mtume alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya, hilo lipo, kwahiyo wasiwasi wa mkeo usiupuuze baba. Lakini kwanza ujue kama ni baya kweli.

kofi_wa_temeke:

Nimesoma chuo Kumasi Ghana na kule kila mtu ana jina la siku. Jumatatu Kojo, Ijumaa Kofi, Jumamosi Kwame, wa kike wa Jumamosi Ama. Sasa angalieni, Juma wetu na Kofi wao ni mtu mmoja! Kofi Annan angezaliwa Temeke angekuwa Juma. Na Kwame Nkrumah ni mtoto wa Jumamosi. Mimi kuzaliwa ni Ijumaa nikaitwa Kofi miaka minne yote, jina limeganda mpaka leo kitaani.

Mjukuu_wa_Wanjiru:

Kwetu Wakikuyu hakuna kujadiliana hivi. Kijana wa kwanza anachukua jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama. Msichana wa kwanza mama ya baba, wa pili mama ya mama. Mimi ni Wanjiru kwa sababu cucu, yaani nyanya yangu, ni Wanjiru na yeye ni Wanjiru kwa sababu ya cucu yake, tunarudi mpaka kwa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu. Baba yangu hajawahi kunipiga hata siku moja, alikuwa ananiita "maitu", yaani mama yangu. Utampigaje mama yako? Fikiria hivyo pia, huyo mtoto mama yako atamuita nani.

BabaKijacho:

Wakuu mrejesho. Samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilimpigia shangazi mkubwa kama Mama wa Kilwa alivoniagiza. Yuko Maneromango, masikio yamepungua kwahiyo niliona nikapande gari niende mwenyewe. Nikamuuliza. Akaniambia mama yake bibi alizaa watoto watatu kabla, wote walizikwa kabla ya kutambaa. Wa nne alipokuja uchungu ulichukua siku tatu, mume alishaenda kuita watu waje wasaidie kuzika. Mtoto akatoka hai. Mkunga akasema msimpe jina tamu huyu, mpeni jina ambalo hata kifo hakitalitamani. Wakamwita Tabu. Shangazi akasema wale watatu kila mmoja alikuwa na jina zuri, anayakumbuka yote matatu, akanitajia.

Nilirudi nikamsimulia waifu usiku uleule. Sijawahi kuandika hili humu ila huyu sio mtoto wetu wa kwanza kumbeba, kuna mmoja tulimpoteza mwaka juzi akiwa na miezi saba tumboni. Tulikuwa tumeshamchagulia jina. Waifu alikaa kimya muda mrefu sana afu akaniuliza, kwahiyo bibi aliishi miaka mingapi. Nikamwambia zaidi ya themanini. Akasema haya.

Asubuhi yake mama mkwe akapiga toka Tukuyu na yeye akasema ana jina lake la umamani, Tusekile. Mwalimu sikiliza hii, Tusekile kwa Kinyakyusa ni tumecheka. Hakuwa na habari yoyote ya Isaka wala ya huu uzi, na bibi nilishawaambia alikuwa mtu wa kucheka.

Binti amezaliwa Alhamisi alfajiri, kilo 2.9, mama yake mzima. Kwenye tangazo la kizazi nesi aliuliza jina, mimi nikafungua mdomo ila waifu akawahi, akataja Tabu, nesi akauliza tena kama amesikia vizuri, akamwambia ndio, Tabu, kwa herufi kubwa. Tukuyu wanamuita Tusekile. Mama amekuja na gari la saa kumi na mbili asubuhi, amekaa mlangoni na kitenge chake amempakata, anamwambia "mama umerudi".

Yale majina matatu aliyonitajia shangazi nimeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki.